Chupa kuvuja katika wiki ya 31: uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa kinachochambuliwa hapa, cha mama ambaye chupa, yaani mfuko wa maji ya uzazi unaomzunguka mtoto, ilipasuka kabla ya uchungu, kimeundwa kwa ajili ya kujifunza, lakini kila hatua yake inafuata mwenendo ambao wakunga na madaktari wa uzazi hukutana nao mara kwa mara. Mama mwenye umri wa miaka 28, akiwa na mimba ya pili ya wiki 31 na siku 2, aliona Jumamosi saa 1 jioni kwamba nguo yake ya ndani imelowa. Maji hayakumwagika kwa wingi, hayakuwa na harufu, na hakuwa na maumivu yoyote ya tumbo. Alidhani ni mkojo, kwa sababu kwa wiki kadhaa alikuwa akisikia mtoto anamkandamiza kibofu, na mara nyingine mkojo ulimponyoka anapokohoa au kucheka. Alibadilisha nguo akalala. Jumapili ilipita hivyo hivyo: analowa kidogo anaposimama, anakauka anapolala. Jumatatu saa 3 asubuhi, yaani saa 38 tangu alipoona maji kwa mara ya kwanza, alifika kituo cha afya kwa sababu nguo ilikuwa imelowa tena mara tu baada ya kutoka chooni, na aliona kwamba kibofu kilichotoka kumwagwa kisingeweza kutoa maji kiasi hicho.

Hoja hiyo ya mwisho aliifikia mwenyewe, bila kufundishwa na mtu, na ni mojawapo ya vipimo bora ambavyo mama anaweza kujifanyia nyumbani. Mkojo unaweza kuzuiwa kwa kukaza misuli, una harufu yake, na hupungua baada ya kibofu kumwagwa. Maji ya uzazi hayazuiliki, hutoka zaidi mtu anapobadilisha mkao, na hurudi tena baada ya muda. Ute wa kawaida wa ujauzito nao huongezeka miezi ya mwisho, ila huwa mzito kidogo na haulowanishi nguo hadi ikapenya upande wa pili. Tofauti hizi hazimhakikishii mtu jambo lolote, lakini zinatosha kumwambia aondoke nyumbani aende akapimwe.

Kuna jambo moja katika historia yake ambalo lingepaswa kumleta mapema zaidi. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa katika wiki ya 35 baada ya chupa kupasuka kabla ya uchungu. Mwanamke aliyepatwa na hali hii katika mimba iliyotangulia ana uwezekano mkubwa zaidi kuliko wengine wa kupatwa nayo tena. Kadi yake ya kliniki ilikuwa na maandishi “alijifungua kabla ya siku”, bila kueleza kilichosababisha, na katika mahudhurio yake yote hakuna aliyemwambia kwamba kuvuja kidogo kidogo ni dalili sawa na kumwagika. Kwa hiyo siku mbili zilizopotea haziwezi kuhesabiwa kuwa uzembe wake. Mtu hawezi kuitambua dalili ambayo amesimuliwa kwa sura moja tu, ile ya maji kuruka miguuni kwa ghafla, ilhali kwa wanawake wengi tundu huwa dogo na liko juu, na kichwa cha mtoto huzuia sehemu ya maji.

Mkunga aliyempokea alifanya mambo matatu ya haraka kabla ya jambo jingine lolote. Aliandika saa ambayo maji yalianza kutoka, si saa ambayo mama alifika. Alihesabu upya umri wa mimba kwa kutumia kipimo cha ultrasaundi kilichofanyika katika wiki ya 11, ambacho ni cha kuaminika kuliko tarehe ya hedhi na kuliko vipimo vya miezi ya mwisho. Kisha alimvalisha pedi safi ili rangi na wingi wa maji vionekane. Maji yalikuwa meupe yenye umanjano hafifu. Yangekuwa ya kijani au ya kahawia, ingemaanisha kwamba mtoto amepata choo akiwa tumboni, jambo linalotaka uangalizi wa karibu wa mapigo ya moyo wake. Yangekuwa na damu nyingi, swali la kwanza lingekuwa juu ya kondo la nyuma. Joto la mwili lilikuwa nyuzi 36.8, mapigo ya moyo ya mama 88 kwa dakika, na ya mtoto 148. Tumbo lilikuwa laini, halikumuuma alipobonyezwa, na kichwa cha mtoto kilikuwa chini.

Jambo la nne ni lile ambalo mkunga hakulifanya, nalo kwa maoni yangu ndilo lililoamua sehemu kubwa ya yaliyofuata. Hakuingiza vidole ukeni kupima mlango wa kizazi. Mazoea ya wodi ya wazazi ni kwamba kila anayeingia apimwe njia ili ijulikane imefunguka kiasi gani, na mama mwenyewe aliuliza kwa nini hapimwi. Lakini chupa ikishapasuka na uchungu haujaanza, kidole kinachopita ukeni hubeba vijidudu kutoka sehemu ambayo vipo kwa kawaida na kuvifikisha kwenye mlango wa kizazi, ambapo kizuizi kilichokuwa kikivizuia kimeshaondoka. Imeonekana pia kwamba wanawake waliopimwa kwa vidole katika hali hii hujifungua mapema kuliko wale ambao hawakupimwa. Katika wiki ya 31, kupoteza siku chache kwa sababu ya kipimo ambacho jibu lake lisingebadilisha uamuzi wowote ni hasara isiyo na faida upande wa pili. Mlango wa kizazi huangaliwa kwa macho, kupitia spekula iliyotakaswa, yaani kifaa cha kupanulia uke, na hiyo inatosha.

Spekula ilipowekwa mara ya kwanza, hakukuonekana kitu. Ukuta wa uke ulikuwa umelowa, lakini hakukuwa na dimbwi la maji nyuma yake. Hapa ndipo wanawake wengi hurudishwa nyumbani wakiambiwa ni mkojo au ute. Mkunga alimwomba alale chali kwa nusu saa huku kiwiliwili kikiwa kimeinuliwa kidogo, ili maji yakusanyike, kisha akaangalia tena na kumwambia akohoe. Maji yalionekana yakichuruzika kutoka kwenye mlango wa kizazi na kutuama. Maji yanayoonekana yakitoka mlangoni mwa kizazi ni ushahidi ambao hauhitaji kipimo kingine cha kuuthibitisha.

Hata hivyo kipimo cha karatasi kilikuwa kimeshafanywa, na kinafaa kuelezwa kwa sababu kinapotosha kwa njia mbili. Uke kwa kawaida una tindikali, pH yake (kipimo cha tindikali, ambacho hushuka tindikali inapozidi) ikiwa karibu na 4.5, wakati maji ya uzazi yako kati ya 7.1 na 7.3. Karatasi ya nitrazini hugeuka kuwa ya buluu inapoguswa na maji ya uzazi, lakini hugeuka vilevile inapoguswa na damu, na shahawa, na sabuni, au na ute wa mwanamke mwenye maambukizi ya bakteria ukeni. Mama huyu alikuwa amekutana na mumewe Ijumaa usiku, na alisema hivyo alipoulizwa kwa staha, mumewe akiwa nje ya chumba. Kama karatasi ndiyo ingekuwa ushahidi pekee, jibu lake lingekuwa na shaka. Upande wa pili, karatasi inaweza kukaa bila kubadilika iwapo maji yameacha kutoka kwa saa nyingi. Tone la maji lililokaushwa kwenye kioo na kuangaliwa kwa darubini, ambalo likiwa la maji ya uzazi huacha michoro yenye matawi kama majani ya kangaga, lilithibitisha kile ambacho macho yalikwisha kuona. Ultrasaundi ilionyesha kwamba dimbwi refu kuliko yote la maji tumboni lilikuwa na sentimita 1.8, na chini ya sentimita 2 huhesabiwa kuwa maji yamepungua. Kondo la nyuma lilikuwa juu, mbali na mlango.

Swali la kwanza la mama lilikuwa moja ambalo huulizwa karibu na kila aliye katika hali yake: je, mtoto amebaki bila maji? Jibu ni kwamba katika nusu ya pili ya ujauzito sehemu kubwa ya maji ya uzazi ni mkojo wa mtoto mwenyewe, na figo zake haziachi kufanya kazi kwa sababu chupa imepasuka. Maji hutoka na mengine hutengenezwa. Huwa machache, na kamba ya kitovu inaweza kubanwa kati ya mtoto na ukuta wa kizazi, jambo ambalo huonekana kwa mapigo ya moyo kushuka ghafla na kupanda tena, lakini mtoto hakai mkavu. Swali la pili lilikuwa kama amelisababisha yeye, kwa kukutana na mumewe au kwa kubeba ndoo. Hakuna msingi wa kumtwika lawama hiyo. Kuta za chupa hupoteza uimara pale vimeng’enya vinapoyeyusha nyuzi za kolajeni zinazozishikilia, na mara nyingi kinachochochea hali hiyo ni maambukizi yanayopanda taratibu kutoka ukeni, mara nyingi bila dalili yoyote. Uvutaji wa sigara, kutokwa na damu katika ujauzito, mapacha na maji kuzidi kiasi huongeza hatari. Kwa wanawake wengi chanzo hakipatikani kabisa.

Sasa tufike kwenye uamuzi wenyewe. Chupa kupasuka kabla ya wiki 37 hutokea katika takriban mimba 2 hadi 3 kati ya 100, lakini huhusika na karibu theluthi moja ya watoto wote wanaozaliwa kabla ya wakati. Mtu anayekutana na hali hii huvutwa pande mbili. Upande mmoja, kila siku ambayo mtoto anabaki tumboni katika wiki ya 31 inampa mapafu yaliyokomaa zaidi, ubongo usio mwepesi kuvuja damu, na utumbo unaoweza kuhimili maziwa. Upande mwingine, kila siku ambayo chupa iko wazi inawapa vijidudu nafasi ya kupanda. Hakuna dawa inayoziba tundu. Matibabu yote ni kuupima uzito wa pande hizi mbili kila siku, na uzito huo haubaki palepale: katika wiki ya 31 mtoto ndiye anayefaidika zaidi kwa kusubiri, katika wiki ya 37 hana tena sababu kubwa ya kusubiri, na dalili za maambukizi zikijitokeza wakati wowote, kusubiri kunakoma papo hapo bila kujali wiki.

Kituo kile hakikuwa na kitengo cha watoto njiti. Uamuzi wa kumhamisha ulichukuliwa ndani ya saa moja, na ulikuwa sahihi, kwa sababu chombo bora cha kumsafirishia mtoto wa wiki 31 ni tumbo la mama yake. Kabla ya safari alipewa dozi ya kwanza ya deksamethasoni, dawa ya aina ya steroidi, miligramu 6 kwa sindano ya msuli, na barua iliyotaja saa ya sindano hiyo. Dozi tatu zilizobaki zilifuata hospitalini kila baada ya saa 12. Dawa hii ina historia inayostahili kukumbukwa: mwaka 1972 Liggins na Howie wa New Zealand walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba steroidi anayopewa mama kabla ya kujifungua mapema hupunguza matatizo ya kupumua ya mtoto na vifo vyake, lakini ilichukua takriban miongo miwili kabla ya matibabu hayo kuwa ya kawaida. Shirika la Afya Duniani linayapendekeza kati ya wiki 24 na 34, kwa sharti kwamba umri wa mimba unajulikana kwa uhakika, mama hana dalili za maambukizi ya kizazi, na huduma ya kutosha kwa mama na kwa mtoto njiti ipo. Masharti hayo si mapambo. Utafiti wa deksamethasoni uliofanyika Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan, ukachapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba dawa inaokoa maisha ya watoto katika nchi zenye rasilimali chache, lakini ulifanyika katika hospitali zilizoweza kupima umri wa mimba kwa ultrasaundi na kumhudumia mtoto baada ya kuzaliwa.

Dawa ya pili ilikuwa antibiotiki ya erithromaisini, miligramu 250 mara nne kwa siku, kwa siku 10 au hadi uchungu uanze. Haitolewi kwa sababu mama ana maambukizi yanayoonekana. Inatolewa kwa sababu imeonekana kurefusha muda kati ya kupasuka kwa chupa na kujifungua. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2001, uliohusisha wanawake 4,826 wenye hali hii, ulilinganisha erithromaisini na mchanganyiko wa amoksisilini na asidi ya klavulaniki, na ukagundua kwamba mchanganyiko huo, licha ya kurefusha ujauzito, uliwaongezea watoto ugonjwa hatari wa kuoza kwa utumbo. Ndiyo maana haupaswi kutumika hapa. Tahadhari hiyo ina maana ya kivitendo, kwa kuwa dawa hiyo ni maarufu na mtu anayetaka “antibiotiki yenye nguvu” huiwazia kwanza.

Hakupewa dawa ya kuzuia uchungu, kwa sababu hakuwa na uchungu. Hakulazwa kitandani kwa amri ya kutoinuka, kwa sababu kulala muda wote hakujathibitika kuongeza siku za ujauzito na huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Aliruhusiwa kutembea wodini na kuoga kwa maji yanayotiririka. Alikatazwa kukutana kimwili, kuosha uke kwa ndani, na kuingiza kitu chochote ukeni. Kila saa nne hadi nane alipimwa joto na mapigo ya moyo, na mapigo ya mtoto yalisikilizwa mara kadhaa kwa siku. Alifundishwa kuhesabu mtoto anavyocheza, na kwamba akihisi kitu kama kamba kikishuka ukeni apige magoti na kuinama hadi kifua kiguse kitanda, makalio yakiwa juu, huku akiita msaada, kwa sababu hicho kinaweza kuwa kamba ya kitovu iliyotangulia.

Siku ya tatu kulikuwa na taharuki ndogo. Kipimo cha damu kilionyesha chembe nyeupe zimepanda hadi 16,000 kwa kila mikrolita, na daktari kijana wa zamu aliandika kwamba mama azalishwe kwa sababu ya maambukizi. Mkuu wake alifuta agizo hilo. Deksamethasoni yenyewe hupandisha chembe nyeupe kwa siku kadhaa, joto lilikuwa la kawaida, mapigo ya mama yalikuwa 84, na mtoto alikuwa 144. Namba moja ya maabara isiyoungwa mkono na dalili nyingine haitoshi kumtoa tumboni mtoto wa wiki 31. Siku mbili baadaye chembe zilikuwa zimeshuka.

Takriban nusu ya wanawake ambao chupa imepasuka mapema hujifungua ndani ya wiki moja. Huyu alivuka wiki hiyo. Siku ya nane liliibuka swali la kurudia deksamethasoni, kwa kuwa faida yake hupungua kadiri siku zinavyopita. Shirika la Afya Duniani linaruhusu kurudia mara moja pale siku 7 zimepita na tathmini inaonyesha kwamba kujifungua kunakaribia katika siku 7 zijazo. Wapo wanaosita kurudia kwa mwanamke ambaye chupa iko wazi, wakihofia maambukizi. Timu iliamua kutorudia kwa sababu siku hiyo hapakuwa na dalili yoyote ya uchungu. Uamuzi huo unaweza kupingwa na mtu mwenye akili timamu, na mimi binafsi ningeegemea upande wa kurudia, kwani mwanamke mwenye chupa wazi katika wiki ya 32 yumo katika hatari ya kujifungua wiki hiyo hata kama tumbo limetulia. Lakini haukuwa uamuzi wa kizembe: ulijadiliwa, ukaandikwa pamoja na sababu zake, na mama akaelezwa.

Erithromaisini ilimalizika Alhamisi. Ijumaa saa 4 usiku, katika wiki 33 na siku 1, joto la mama lilifika nyuzi 38.3, mapigo yake yakawa 114, na ya mtoto yakapanda hadi 172 na kubaki hapo. Maji hayakuwa na harufu mbaya. Tumbo lilimuuma kidogo lilipobonyezwa. Ni rahisi kudhani kwamba homa ilikuja kwa sababu dawa ilisimama siku moja kabla, na mumewe aliuliza kwa nini haikuendelezwa. Kufuatana kwa matukio mawili hakuthibitishi kwamba moja limezaa jingine. Wanawake wengine hupata homa siku ya tano wakiwa bado wanameza dawa, na kuendeleza antibiotiki bila kikomo hulea vijidudu sugu ambavyo mtoto ndiye atakayekutana navyo.

Kukosekana kwa harufu hakukumchelewesha mtu. Joto la nyuzi 38 au zaidi, mapigo ya mama yanayozidi 100 na ya mtoto yanayozidi 160 kwa mwanamke ambaye chupa imepasuka vinatosha kuitwa maambukizi ya kizazi mpaka ithibitike vinginevyo, na anayesubiri harufu anasubiri dalili ambayo huenda isije au ije ikiwa imechelewa mno. Ampisilini gramu 2 kila baada ya saa 6 na jentamaisini miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito mara moja kwa siku zilianzishwa kupitia mshipa. Kwa kuwa uamuzi wa kumzalisha ulikuwa umefikiwa, sasa alipimwa njia kwa vidole, na mlango ulikuwa umefunguka sentimita 3 huku mikazo hafifu ikiwa imeanza yenyewe. Dripu ya oksitosini iliongeza nguvu ya mikazo.

Baadhi ya ndugu walitaka afanyiwe upasuaji ili mtoto atoke haraka. Maambukizi peke yake si sababu ya upasuaji. Kisu kinachopita kwenye kizazi chenye maambukizi humwongezea mama hatari ya kidonda kuoza na ya maambukizi kusambaa, na mtoto aliyetanguliza kichwa, ambaye mapigo yake yamepanda lakini hayashuki, anaweza kuzaliwa kwa njia ya kawaida salama ndani ya saa chache. Magnesiamu ya kulinda ubongo wa mtoto haikutolewa, kwa kuwa pendekezo la Shirika la Afya Duniani linahusu mimba zisizofika wiki 32. Kama homa ingetokea katika usiku wake wa kwanza hospitalini, ingepaswa kutolewa.

Mtoto wa kike wa gramu 1,930 alizaliwa Jumamosi alfajiri. Alilia baada ya kukaushwa na kusuguliwa mgongo, kitovu kikakatwa baada ya dakika moja, na timu ya watoto ikampokea ikiwa imeshafika chumbani kabla hajatoka. Alisaidiwa kupumua kwa mashine inayosukuma hewa puani, bila mrija wa koo, kwa siku moja na nusu. Alianzishiwa antibiotiki kutokana na maambukizi ya mama, zikasitishwa kipimo cha damu kilipotoa jibu safi. Alinyweshwa maziwa ya mama kwa mrija, kisha kwa kikombe, kwa sababu mtoto wa wiki 33 kwa kawaida hajaweza bado kuoanisha kunyonya, kumeza na kupumua. Muda mwingi alibebwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi. Homa ya mama ilikwisha ndani ya siku moja.

Mtu anaweza kuuliza kama ingekuwa bora azalishwe siku ile ya kwanza na kuepusha maambukizi kabisa. Mtoto angezaliwa katika wiki 31 na siku 4, bila deksamethasoni kukamilika, akiwa na uzito wa karibu gramu 1,600, na uwezekano mkubwa wa kuhitaji msaada wa kupumua kwa muda mrefu zaidi. Siku 11 za wodini zilinunuliwa kwa bei ya homa iliyotibika. Bei hiyo ingekuwa ghali mno kama joto lingekuwa linapimwa mara moja kwa siku, au kama mama angekuwa nyumbani mbali na msaada. Kusubiri kunafaa pale tu ambapo kuna anayeangalia, na hospitali isiyoweza kupima joto na mapigo usiku haina haki ya kuchagua kusubiri.

Laiti maji yangeanza kutoka baadaye, uzito wa pande mbili ungekuwa tofauti. Zamani wengi walizalishwa mara tu walipofika wiki 34. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, ukihusisha wanawake 1,839 wa kati ya wiki 34 na karibu 37, ulionyesha kwamba kuwazalisha mara moja hakukupunguza maambukizi kwa watoto, ila kuliongeza matatizo ya kupumua na siku za kukaa katika uangalizi maalumu, na upasuaji nao ukawa mwingi zaidi. Tangu hapo kusubiri hadi wiki 37 kumekubalika zaidi kwa mama asiye na dalili mbaya. Mpango wa mama huyu ulikuwa huo, kabla homa haijaupindua.

Baada ya wiki 37 hali hii hutokea katika takriban mimba 8 kati ya 100, na wanawake wapatao 6 kati ya 10 huanza uchungu wenyewe ndani ya saa 24. Mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wanawake 5,041 katika hospitali 72 za nchi 6. Kuanzisha uchungu mara moja kwa oksitosini kulipunguza maambukizi ya kizazi kwa mama, bila kuongeza upasuaji, na maambukizi ya watoto hayakutofautiana kwa kiasi cha kutegemewa. Kwa hiyo mama wa wiki 38 mwenye maji safi na mtoto aliyetanguliza kichwa anaweza kuchagua kuanzishiwa uchungu au kusubiri kwa muda mfupi, isipokuwa awe na bakteria wa streptokoka wa kundi B, au maji ya kijani, au homa, ambapo hakuna cha kusubiri.

Kabla mama wa kisa chetu hajaruhusiwa kutoka, mambo matatu yaliandikwa kwenye kadi yake kwa maneno kamili badala ya “alijifungua kabla ya siku”: kwamba chupa imepasuka kabla ya uchungu katika mimba mbili, katika wiki ya 35 na ya 31, kwamba kondo la nyuma lilipelekwa maabara na likaonyesha uvimbe wa maambukizi kwenye utando wake, na kwamba katika mimba ijayo aanze kliniki mapema, mkojo wake upimwe na kutibiwa hata kama hana dalili, urefu wa mlango wa kizazi upimwe kwa ultrasaundi kati ya wiki 16 na 24, na akihisi amelowa kwa namna asiyoielewa aje siku hiyo hiyo, hata kama ni kidogo na hata kama ni usiku.